Mpaka wa nusutropiki umekaa vibaya kwenye ramani: dalili, vyanzo na tiba

Umepakua data ya joto na mvua, umeandika kanuni za Köppen (mfumo unaoainisha tabianchi kwa herufi, kufuata joto na mvua) kwenye programu, umeiendesha, na ramani iliyotoka inakushangaza. Florida ina mkanda wa tabianchi ya Roma. Lubumbashi imekuwa mji wa Mediterania. Au karibu kila kitu kiko sawa, ila mpaka wa kaskazini kule Marekani umefika Boston, wakati kwenye ramani ya mwenzako umekomea New York, na kila mmoja wenu anaapa kwamba kanuni kaifuata yeye.

Mwongozo huu ni wa anayechora mipaka ya ukanda wa nusutropiki yenye unyevu: Cfa, pamoja na nduguye Cwa ambaye majira yake ya baridi ni makavu. Sifundishi hapa jinsi ya kufungua QGIS, programu ya kuchora ramani. Nachukulia ramani ipo tayari na inasumbua.

Herufi zenyewe, kwa wanaozisahau (na ni wengi kuliko wanaosema). C maana yake mwezi wa baridi kuliko yote una wastani chini ya nyuzi 18 lakini juu ya 0, au juu ya −3 kwa wanaotumia kizingiti cha zamani. Herufi a maana yake mwezi wa joto kuliko yote unafika nyuzi 22. Herufi w inatolewa pale ambapo mwezi mkavu kuliko yote wa nusu ya mwaka yenye baridi unapata chini ya sehemu moja ya kumi ya mvua ya mwezi mnyevu kuliko yote wa nusu yenye joto. Herufi s ni kinyume chake: mwezi mkavu wa nusu ya joto uko chini ya milimita 40 na pia chini ya theluthi moja ya mwezi mnyevu wa nusu ya baridi. Pasipokuwa na w wala s, ni f. Na kabla ya yote hayo kuna mtihani wa ukame, herufi B, ambao lazima utangulie.

Sasa njia ya kutafuta kosa. Usiutazame mstari, mtazame jirani. Cfa imezungukwa na majirani watano, na kila mmoja ametenganishwa nayo kwa kizingiti tofauti. Upande wa ikweta yupo A (tropiki), kwa nyuzi 18. Upande wa ncha yupo D (baridi kali), kwa 0 au −3. Milimani na kwenye pwani zenye bahari baridi yupo Cfb, kwa nyuzi 22 (b ni pale ambapo mwezi wa joto kuliko yote haufiki hapo). Upande wa bara kavu yupo B, kwa fomula ya mvua na joto. Upande wa Mediterania yupo Csa, kwa mgawanyo wa mvua. Kipande cha ukanda kikipotea, uliza kimekuwa nani. Jibu hilo peke yake linakubakizia mtuhumiwa mmoja au wawili.

Kabla ya kugusa chochote: miji ya kupimia

Ramani yenye rangi nzuri hudanganya macho, kwa hiyo iache kidogo. Chukua miji ambayo majibu yake yanajulikana, ingiza kwa mkono wastani wa miezi yake 12, kisha uipitishe kwenye kanuni zako.

Tokyo itoke Cfa: Januari ni nyuzi 5.4, Agosti 26.9, na hakuna msimu mkavu. Buenos Aires nayo Cfa, ili kizio cha kusini kiwe na shahidi wake. Miami iangukie A, maana hata Januari yake iko karibu nyuzi 20. Roma iwe Csa, Cairo iwe jangwa, Lubumbashi iwe Cwa. Nairobi isipate herufi a kabisa, kwa kuwa mwezi wake wa joto kuliko yote haufiki 22.

Hong Kong tuikokotoe pamoja, maana ndiyo inayofichua makosa ya w. Kwa wastani wa 1991–2020, Desemba hupata milimita 28.8 na Juni 491.5. Sehemu ya kumi ya 491.5 ni 49.15. Desemba iko chini yake, kwa hiyo w. Januari ni 16.5, basi C. Julai ni 28.9, basi a. Jibu ni Cwa. Programu yako ikisema Cfa, huenda unalinganisha jumla ya msimu mzima badala ya mwezi mmoja kwa mwezi mmoja, au mwezi mnyevu umechukuliwa kutoka nusu ya mwaka isiyo yake.

Miji ikipita yote na ramani bado ni mbovu, kosa liko kwenye data au kwenye uchoraji. Miji ikianguka, rudi kwenye kanuni na usipoteze saa kuchezea rangi.

Dunia nzima imekuwa jangwa, hata Tokyo

Hiki ni kisa cha vipimo. WorldClim, hifadhidata ya tabianchi ya dunia, toleo la 1.4 lilihifadhi joto likiwa limezidishwa mara 10, ili kuepuka desimali. Toleo la 2.1 linatoa nyuzi za kawaida. Ukitumia msimbo wa toleo jipya kwenye faili la zamani, wastani wa mwaka wa Tokyo, nyuzi 15.8, unasomeka 158. Kizingiti cha ukame kwa mji ambao mvua yake haikuegemea sana nusu moja ya mwaka ni joto la mwaka mara 20, ongeza 140. Hapo inakuwa 20 × 158 + 140, yaani milimita 3,300. Tokyo inapata takriban 1,598, ambayo haifiki hata nusu ya kizingiti hicho, na chini ya nusu maana yake si nyika bali jangwa kamili. Programu haijakosea. Imejibu ilichoulizwa.

Data ya ERA5, hifadhidata nyingine ya hali ya hewa ya dunia, ina mtego wa pili na wa tatu kwa pamoja. Joto lake liko kwa Kelvini, kwa hiyo toa 273.15. Mvua kwenye faili za wastani wa mwezi iko kwa mita kwa siku: zidisha kwa 1,000 kupata milimita, kisha kwa idadi ya siku za mwezi husika. Hatua hii ya siku ndiyo inayosahaulika, na matokeo yake ni kwamba mwezi mzima wa Tokyo unapewa mvua ya siku moja, milimita nne au tano.

Ukiona kinyume chake, Sahara imepungua au imefutika, tafuta fomula ya sentimita. Vitabu vingi vya zamani viliandika kizingiti cha ukame kwa sentimita: joto mara 2, ongeza 14. Mtu akiinakili hivyo na mvua yake iko kwa milimita, kizingiti kinakuwa kidogo mara kumi kuliko inavyopaswa, na B inabaki vipande vipande. Na kama Cairo imetoka Csa, basi mpangilio wa maswali umekosewa: umeuliza C kabla ya B. Cairo ina majira ya baridi ya wastani na mvua yake kidogo hunyesha majira hayo, kwa hiyo usipoanza na ukame itapita kama Roma tu.

Kusini mwa ikweta kumejaa Mediterania

Hapa pana utajiri, tukae kidogo.

Lubumbashi iko kwenye uwanda wa Katanga, mwinuko wa mita 1,200 hivi. Mvua zake ni za Novemba hadi Machi. Juni, Julai na Agosti hakuna tone la maana, na ndiyo miezi ya baridi. Oktoba, kabla mvua hazijashika, ndio mwezi wa joto. Hiyo ni Cwa ya mfano, sawa na miji mingine ya nyanda za juu za ukanda huo, Lusaka na Lilongwe.

Sasa tuseme msimbo wako umeandikwa na mtu wa kaskazini aliyechukulia kwamba nusu ya mwaka yenye joto ni Aprili hadi Septemba, kokote duniani. Programu inaiangalia Lubumbashi, inakuta "majira ya joto" yana mwezi wa milimita sifuri, inakuta "majira ya baridi" yana miezi ya mvua kubwa, na inatoa s bila kusita. Katanga imepata tabianchi ya mizeituni.

Watu wengi wakigundua hili hurekebisha s na w tu na kuendelea. Haitoshi, kwa sababu nusu hizo mbili za mwaka zinatumika pia kwenye mtihani wa ukame. Asilimia 70 au zaidi ya mvua ikinyesha nusu ya joto, kizingiti ni joto mara 20 ongeza 280. Ikinyesha nusu ya baridi, hakuna cha kuongeza. Mahali pa kusini mwa Afrika penye wastani wa mwaka wa nyuzi 20 na mvua ya majira ya joto panastahili kizingiti cha milimita 680. Kwa msimbo uliogeuka panapewa 400. Eneo lenye milimita 500 linatolewa kwenye ukame na kuingizwa kwenye C, na hakuna dalili nyingine yoyote inayokupigia kelele. Mpaka wa Cwa kuelekea Botswana na magharibi ya Zimbabwe unasogea kimyakimya. Rekebisha mahali pamoja, juu kabisa ya msimbo, pale nusu hizo zinapofafanuliwa, ili kila kanuni ya chini irithi.

Namna ya kuzifafanua nayo ina lake. Ukitumia alama ya latitudo (kaskazini hivi, kusini vile) utaona mstari mnyoofu kama wa rula ukikata Kenya na Uganda kwenye latitudo 0. Mstari mnyoofu kwenye ramani ya tabianchi ni wa kushuku siku zote. Peel, Finlayson na McMahon, waliotoa ramani yao ya dunia mwaka 2007, waliiachia data iamue: kwa kila pikseli, linganisha wastani wa joto wa Oktoba–Machi na wa Aprili–Septemba, wenye joto zaidi ndio nusu ya joto. Fanya hivyo.

Hata hivyo usitegemee miujiza kwenye nyanda za juu za Kenya. Kule mvua ni mbili, masika na vuli, na ukigawa mwaka katikati unaikata masika yenyewe: Machi inabaki upande huu, Aprili na Mei upande mwingine. Ndiyo maana Nairobi huitwa Cfb kwenye ramani moja na Cwb kwenye nyingine. Kanuni hii ilibuniwa kwa sehemu zenye majira ya joto na ya baridi. Ikifika kwenye ikweta inapapasa. Kwa mpaka wa nusutropiki haidhuru, maana herufi b imekwisha kuitoa Nairobi nje ya hesabu.

Florida ina mkanda wa Csa, Ohio ina baridi ya Siberia

Mkanda mwembamba, upana wa pikseli moja au mbili, unaofuata mpaka kwa uaminifu kabisa lakini wenye rangi ya tabianchi isiyo na uhusiano na pande zote mbili. Dalili hii huogopesha, na chanzo chake ni rahisi kuliko zote.

Kwenye faili nyingi za tabianchi kila aina ina namba. Kwenye ramani za Beck na wenzake za mwaka 2018, Aw (savana ya tropiki) ni 3, Csa ni 8, Csb ni 9, Cfa ni 14, Dfa ni 25. Ulipobadilisha ukubwa wa pikseli au mfumo wa ramani, ulichagua njia inayolainisha, ile inayochukua wastani wa pikseli jirani. Kusini mwa Florida, Aw inapokutana na Cfa, wastani wa 3 na 14 ni 8.5. Ikidondoka 8 au ikipanda 9, umepata Mediterania. Kaskazini, 14 ikikutana na 25 inatoa 19.5, na namba 19 na 20 ni Dsc na Dsd, tabianchi za baridi kali za Siberia mashariki. Namba za aina ni majina tu, hazina wastani.

Bofya pikseli yenye rangi ngeni kwa zana ya kutambua. Ikisema 8, faili limeharibika; rudi kwenye la mwanzo na utumie jirani wa karibu, yaani `-r near` kwenye gdalwarp (zana ya kubadilisha faili za ramani), au `-r mode` ukipunguza ukali wa ramani, ili aina iliyo nyingi zaidi ndiyo ishinde. Ikisema 3 au 14, faili ni zima na tatizo liko kwenye mipangilio ya kuonyesha tu. Kama unazo data za joto na mvua zenyewe, njia safi zaidi ni kubadilisha hizo kwanza, na kuainisha mwishoni.

Mpaka wa kaskazini haukubaliani na wa mwenzako

Kabla hamjagombana, ulizaneni: sifuri au −3?

Wladimir Köppen, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1846, alikuwa mtu wa mimea kabla ya kuwa mtu wa hewa. Mwaka 1884 alichora mikanda ya joto, mwaka 1900 akatoa uainishaji wake wa kwanza wenye herufi, na aliendelea kuurekebisha karibu maisha yake yote. Mpaka wake wa C na D ulikuwa −3, akilenga mahali ambapo ardhi huganda au theluji hulala kwa muda wa kutosha. Wanajiografia wa Marekani baadaye wakapendelea 0. Ramani za Kottek na wenzake za 2006 zinatumia −3. Za Peel 2007 na Beck 2018 zinatumia 0. Zote ni Köppen, na wote wanaozitumia wana haki.

Tofauti yake ni kubwa. Indianapolis ina Januari ya karibu −2, Columbus na Boston kama −1. Kwa −3 zote tatu ni Cfa. Kwa 0 zote tatu ni Dfa. Hiyo ni sehemu nzuri ya Indiana na Ohio inayohama rangi kwa tarakimu moja kwenye msimbo. Kule China hali ni tulivu zaidi, maana mstari wa Qinling–Huaihe, ambao Wachina wenyewe huutumia kutenganisha kaskazini na kusini, unakaribiana na nyuzi 0 za Januari. Kwa sababu hiyo mimi huchagua 0 kwa ramani ya dunia: walau upande mmoja wa dunia una mpaka wa mazao na desturi unaouunga mkono.

Kama mnatumia kizingiti kimoja na bado hamkubaliani, angalieni kipindi. Bustani ya Central Park, New York, ilikuwa na Januari ya nyuzi 0.3 kwa wastani wa 1981–2010. Kwa 1991–2020 imefika 0.9. Mji unaoning'inia hivyo hupinduka kwa data ya miaka ya nyuma kidogo tu. WorldClim 2.1 ni ya 1970–2000. Ukiilinganisha na kituo chenye wastani wa 1991–2020 unalinganisha vizazi viwili vya hewa, na upande wa ncha ndiko ongezeko la joto linakoonekana kwanza.

Na kuna wanaokuja na ramani ambayo New York haimo kabisa, hata kwa −3. Hao wanatumia uainishaji wa Trewartha, aliyeurekebisha ule wa Köppen. Kwake nusutropiki inataka miezi 8 au zaidi yenye wastani wa nyuzi 10 kwenda juu. New York ina 7, Aprili hadi Oktoba. Novemba inafika karibu 9 na kukwama. Binafsi naona Trewartha ana hoja, maana mtu aliyewahi kupita Februari ya New York hawezi kuiita nusutropiki bila kucheka. Lakini usichanganye mpaka wake wa kaskazini na mpaka wa Köppen wa kusini kwenye ramani moja ili tu ipendeze.

Mpaka wa upande mkavu hautulii

Delhi ndiyo shahidi bora. Wastani wake wa mwaka ni kama nyuzi 25 na mvua yake karibu yote ni ya monsuni ya majira ya joto, kwa hiyo kizingiti ni 20 × 25 + 280, yaani milimita 780. Mvua halisi ya Delhi iko hapohapo, juu kidogo au chini kidogo kutegemea miaka uliyochukua. Ramani moja inasema BSh (nyika kavu yenye joto), nyingine Cwa. Hakuna kosa la kutafuta.

Texas na Oklahoma ni hivyohivyo, ila kule ukame na unyevu hupishana taratibu kutoka magharibi kwenda mashariki kwenye ardhi tambarare, kwa hiyo badiliko dogo la mvua linausogeza mpaka mbali. Ukiainisha mwaka mmoja mmoja utaona mpaka ukienda na kurudi kila mwaka. Chukua wastani wa miaka 30 kwanza, kisha uainishe. Au, ukitaka kuonyesha ukweli wote, ainisha kila mwaka peke yake na uhesabu kila pikseli imeangukia Cfa mara ngapi kati ya 30. Nimeona ramani za namna hiyo zikimaliza ubishi ambao mstari mmoja ungeuchochea.

Dalili moja ya upande huu ni jino la ghafla: mpaka unakwenda vizuri, halafu unaruka pembeni na kuendelea. Angalia asilimia ya mvua ya nusu ya joto. Ikitoka 69 kwenda 71, kizingiti kinaruka milimita 140 kwa mkupuo. Jino hilo limo ndani ya kanuni yenyewe. Usilisugue.

Milima inakula ukanda, au ukanda unapanda milima

Hapa mtuhumiwa ni nyuzi 22. Joto hushuka takriban nyuzi 0.65 kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo ukikosea nusu nyuzi tu mpaka unahama mita 77 hivi mlimani. Nani anayekosea nusu nyuzi? Anayehifadhi joto kama namba nzima: 21.6 inakuwa 22 na kijiji cha Cfb kinapata a. Linganisha kwanza, kadiria baadaye.

Sydney ni mfano wa pwani. Januari kwenye kituo cha Observatory Hill ina kiwango cha juu cha karibu nyuzi 26 na cha chini cha karibu 19. Wastani wake unapita 22 kwa kiasi kidogo tu. Wastani unaopatikana kwa kujumlisha cha juu na cha chini na kugawa kwa mbili mara nyingi hutofautiana na wastani wa saa 24 kwa sehemu ya nyuzi, na hiyo inatosha kuigeuza Sydney. Angalia data yako inakokotoa kwa njia gani kabla ya kulaumu chochote.

Ukali wa data nao unaamua. Pikseli ya nusu digrii ina upana wa kilomita 55 hivi kwenye ikweta. Kutoka ufuko wa Durban, ambao ni Cfa bila ubishi, hadi Drakensberg yenye vilele vinavyopita mita 3,000, kuna pikseli chache tu za namna hiyo, na kila moja inachanganya bonde na mteremko. Sochi na Batumi zina hali mbaya zaidi, kwa kuwa milima ya Kaukazi inaanzia karibu na fukwe. Kwa sehemu hizo tumia data ya kilomita 1 au usichore.

Kosa jingine la milimani ni la rangi, si la hesabu. Mtu anapaka C yote rangi moja na kuandika "nusutropiki". Ghafla Nairobi, Mbeya na nyanda za juu za Ethiopia zote zimo. Hizo ni Cwb na Cfb: kwenye latitudo za tropiki, zimepozwa na mwinuko, hazina majira ya joto ya nyuzi 22. Zipe rangi yake.

Mpaka una ngazi, madoa na mashimo

Ngazi hutokana na kugeuza pikseli kuwa poligoni. Wengi hukimbilia zana ya kulainisha kona, nayo huchukua kipande cha pwani na kukimwaga baharini. Afadhali ukumbuke mpaka wa Cfa umetengenezwa na nini: ni vipande vya mistari ya thamani moja vilivyoungwa. Chora mstari wa nyuzi 18 kutoka kwenye rasta (faili la pikseli) ya mwezi wa baridi, mstari wa 0 kutoka rasta hiyohiyo, wa 22 kutoka ya mwezi wa joto, na kwa upande mkavu toa kizingiti kwenye mvua na uchore palipo sifuri. Utapata mikunjo laini iliyokaa mahali pake halisi, na ukiiunganisha utajua kila sehemu ya mpaka inatetea kizingiti gani.

Madoa ya pikseli moja moja chuja, lakini weka kikomo cha eneo na ukiandike. Mashimo ya pwani, pale Hong Kong na Durban zinapokosa rangi, ni kinyago cha bahari (tabaka linalotenga maji na nchi kavu): kwenye data yenye pikseli kubwa miji hiyo inahesabiwa maji. Bahari nzima ikiwa barafu, thamani ya "hakuna data", kwa mfano −9999, imesomwa kama joto. Amerika ikiwa mashariki ya Japani, longitudo zinakwenda 0 hadi 360. Mpaka wote ukiwa umesogea upande mmoja kwa nusu pikseli, faili moja linataja kona na jingine linataja katikati.

Eneo la ukanda likitoka kubwa mno, ulipima kwenye Mercator ya wavuti, makadirio yanayotumiwa na ramani za mtandaoni. Kwenye latitudo 35 inalikuza eneo karibu mara 1.5, na kwenye 40 mara 1.7. Tumia makadirio ya ramani yanayotunza eneo, mfano Equal Earth.

Haifanani na atlasi ya shuleni

Na haitafanana. Atlasi nyingi tulizosomea zilichora ukanda wa pwani za mashariki kwa mkono, kati ya latitudo 25 na 40 hivi, na kuugawa aina ya China, aina ya Ghuba na aina ya Natal. Bonde la Po lenye Milano, ambalo kwa namba ni Cfa, halikuwekwa humo, na Cwa ya Katanga na Zambia ilimezwa na savana. Kama ramani yako inaonyesha Milano na Lubumbashi ndani, iko sawa.

Kabla ya kuipeleka kwa mtu, andika kona ya chini: chanzo cha data na toleo lake, kipindi cha miaka, 0 au −3, kizingiti cha s (vitabu vya zamani vina 30 badala ya 40, na tofauti hiyo inaonekana kuzunguka Istanbul), jinsi nusu ya joto ilivyochaguliwa, na kama Cwa imejumuishwa. Weka pia jina la faili la msimbo, maana swali la kwanza utakaloulizwa litahusu Ohio.